Aliyewasha Taa Hakumtaja Mwizi

Watu wanaotukuta ufukweni Kigamboni saa za maji kupwa, mmoja wetu akiwa na hedifoni masikioni na mwingine akiwa na koleo dogo na chekeche, huuliza swali lile lile: “Mchungaji, na wewe umeanza kutafuta dhahabu?” Hujibu mzee mwenzetu, kwa kuwa mashine ni yake. Husema, “Ndiyo, ila hii ina mwenyewe.”

Tuko wawili katika kazi hii. Mmoja ni mchungaji wa usharika. Mwingine ni mzee wa kanisa ambaye ujana wake wote aliumalizia katika machimbo madogo ya Chunya, na aliporudi pwani hakurudi na utajiri bali na mashine ya kutafutia madini, ile ambayo wachimbaji huiita ditekta. Ilikaa uvunguni mwa kitanda muda mrefu. Siku moja kijana mmoja alipoteza pete ya ndoa akiogelea, wiki mbili tu baada ya harusi, akawa anaogopa kurudi nyumbani. Mzee akaitoa mashine uvunguni, tukaenda pamoja, na kabla ya magharibi pete ilikuwa kidoleni. Habari ikaenea. Ni miaka saba sasa tunatafutiwa na watu tusiowajua: wenye pete, hereni, mikufu, bangili, na safari moja meno ya dhahabu. Wengi wao si washarika wetu. Wengine ni Waislamu, wengine hawana wanapoabudu. Hatuulizi.

Wapo waliotuambia kwamba kazi hii haimfai mtumishi wa Mungu. Tunawaelekeza kwenye Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Pale Musa anawaagiza Israeli kwamba mtu akiona ng’ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea, asijifanye hajaona, amrudishe. Na kama mwenyewe yuko mbali, au hajulikani, basi mnyama akae nyumbani kwa aliyemwona mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Vivyo hivyo punda, na nguo, na kila kitu kilichopotea. Tuangalie vizuri: sheria inamtaja hata mtu asiyejulikana. Mgeni naye ana haki ya kurudishiwa chake. Na Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo tuliyoikariri sote tulipokuwa kipaimara, anaifafanua amri ya saba kwa njia hiyo hiyo. Usiibe si kuzuia mkono wako tu. Ni kumsaidia jirani asipoteze alicho nacho. Kwa hiyo tunapopiga magoti mchangani tunaishika amri ya saba kwa upande wake wa pili, upande ambao mara nyingi tunausahau.

Tueleze kidogo jinsi mashine inavyofanya kazi, kwa sababu imetufundisha mambo ambayo hata chuo cha theolojia hakikutufundisha. Chini yake kuna sahani yenye waya uliozungushwa. Umeme ukipita katika waya huo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, ile metali nayo huamsha nguvu yake ndogo na kuirudisha juu. Mashine huita, kisha husikiliza. Anayeishika lazima atembee polepole, sahani karibu na ardhi, mstari kwa mstari, na kila mstari uguse ule uliotangulia. Mwenye haraka hupita juu ya pete na asijue.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: pete ya dhahabu haina sauti yake peke yake. Inalia karibu sawa na kile kipete cha kufungulia kopo la soda, na karibu sawa na karatasi ya aluminiamu ya pakiti ya sigara. Ukiiwekea mashine kizuizi ili isikusumbue na takataka hizo, umeizuia na dhahabu pia. Mtafutaji hana budi kuinama kwa kila sauti. Katika ufukwe wa Jumapili jioni tunaweza kuinama mara hamsini kwa ajili ya makopo ili tuinuke mara moja na pete. Mzee hupenda kusema kwamba ndiyo maana wachungaji huchoka: wanataka kujua kwanza nani ni dhahabu ndipo wainame.

Bahari nayo ina masharti yake. Dhahabu tupu ni nzito mara 19 kuliko maji, na mchanga haufiki mara 3. Kwa hiyo pete ikianguka mahali mawimbi yanapopiga, inazama kila mchanga unapochezeshwa. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya kawaida hupiga kelele hovyo juu yake. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na ufukwe uliokuwa chini ya kina cha mtu hubaki mkavu kwa saa chache. Hizo ndizo saa zetu. Mahali pa mambo ya kale, kama magofu ya Kaole kule Bagamoyo, hatupeleki mashine kabisa. Vilivyomo humo ni mali ya taifa na vinalindwa kwa sheria. Na kitu tukikiokota ambacho hakikuwa kile tulichokifuata, tunakipeleka ofisi ya serikali ya mtaa na kukitangaza, sawasawa na Torati.

Sasa, wapendwa, tuseme lililo zito zaidi. Katika nchi yetu kitu cha thamani kikipotea, wengi hawaanzi kwa kutafuta kitu. Huanza kwa kutafuta mtu. Wengine huenda kupiga ramli. Wengine, nao ni Wakristo, huenda kwa mtu anayejiita nabii ili awatajie jina la aliyechukua. Hata sisi tumeshaombwa tuwe manabii wa namna hiyo. Mtu hutuona na mashine, akasikia kwamba mmoja wetu ni mchungaji, akadhani tuna upako wa kuona chini ya ardhi. Tunaomba kabla ya kuanza, ni kweli. Lakini tunaomba subira na macho mazima. Na tunawakumbusha nabii Elisha. Katika Wafalme wa Pili, sura ya 6, kichwa cha shoka cha kuazima kilizama Yordani, na mwenye kukata miti akalia kwa kuwa hakikuwa chake. Elisha alikuwa nabii wa kweli, na muujiza ulitendeka, chuma kikaelea. Lakini kabla ya muujiza aliuliza swali la kawaida kabisa: kiliangukia wapi? Hakuuliza nani amekificha. Basi kama nabii wa Mungu aliuliza, sisi ni nani tusiulize?

Swali hilo ndilo la kwanza kwetu kila mara. Ulikuwa umesimama wapi? Na kabla ya hapo? Mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Wanafunzi wa historia wanakumbuka kwamba chombo cha namna hii kilijaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya ulimwengu mwaka 1881. Tarehe 2 Julai mwaka huo Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya treni mjini Washington, na risasi ikabaki mwilini. Alexander Graham Bell, aliyekuwa amepata hataza ya simu miaka mitano tu kabla ya hapo, alileta chombo cha umeme cha kuisikiliza. Hakuipata. Kitanda alicholazwa mgonjwa kilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti. Zaidi ya hayo, daktari mkuu alikuwa ameshaamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na upande huo ndio uliopimwa. Rais alipofariki tarehe 19 Septemba na mwili ukapasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto. Na wanahistoria wengi wanasema kwamba kilichomuua hasa si risasi, bali vidole na vyombo vichafu vilivyoingizwa tena na tena katika jeraha ili kuitafuta. Kutafuta kulimdhuru kuliko kitu chenyewe kilichotafutwa.

Hilo tumeliona kwa macho yetu katika nyumba moja.

Mama mmoja, mfanyabiashara, si msharika wetu, alitutumia jirani yake. Pete ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mama yake ilikuwa haionekani tangu Alhamisi. Tulifika Jumatatu. Mlangoni tulimkuta binti wa miaka kama kumi na tisa, msaidizi wa nyumbani aliyetoka mikoa ya kati, ameketi juu ya begi lake. Begi lilikuwa limeshamwagwa na kurudishwa ovyo. Mkono wa gauni ulikuwa umebanwa na zipu. Simu yake ilikuwa imechukuliwa. Mshahara wa miezi miwili ulikuwa umezuiwa. Akatuamkia, “Shikamooni,” bila kuinua uso.

Mama alitueleza yote kwa mfululizo. Alikuwa ameshakwenda kwa mtaalamu, na mtaalamu alimwambia kwamba aliyechukua ni mwanamke, anakula na kulala humo ndani, na ni mdogo kwake kwa umri. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili tu. “Nimeshawaambia na majirani,” alisema, “na pale dukani nimesema wasimkopeshe kitu.” Alichotaka kwetu ni tupitishe mashine uani, pengine binti alikuwa ameichimbia chini mpaka siku ya kuondoka.

Mzee akamuuliza swali la Elisha. “Mama, mara ya mwisho uliiona wapi?”

“Juu ya meza ya chumbani. Siku zote naiweka hapo.”

“Na kabla ya hapo, mikono yako ilikuwa na kazi gani?”

Mama alikuwa bado anafikiri wakati sauti ilipotoka mlangoni, ndogo sana. “Mama, siku ile ulipara samaki mwenyewe, pale nje. Mimi ulinituma ndimu.”

“Nyamaza wewe,” mama akasema.

Tukaomba tuanzie hapo pa samaki. Mama alikubali kwa shingo upande. Nyuma ya nyumba, karibu na mpapai, palikuwa na jiwe la kufulia, na maji yake hutiririka hadi kwenye tuta la mchicha. Tulichimba muda wa saa mbili. Misumari, vizibo, waya, sarafu ya shilingi mia, vipete vya makopo. Kila mashine ilipolia mama alisogea, na kila tulipoinua kizibo alirudi nyuma. Binti hakusogea. Mara ya thelathini na kitu, chini ya mchicha, kiasi cha kiganja kimoja kwenda chini, koleo lilitoa bonge la udongo, na mzee akalivunja kwa vidole. Pete ilikuwamo. Ndani yake palikuwa pamegandia gamba la samaki, limekauka kama ukucha.

Hakuna aliyehitaji kueleza lolote. Mikono ilikuwa na utelezi wa samaki, pete ikachomoka, maji yakaisukuma. Mama akakaa chini pale pale kwenye matope. Binti alikuwa amekuja amesimama nyuma yetu. Alisema, “Namshukuru Mungu.” Kisha akasema, “Mama, naomba simu yangu.”

Baada ya kunawa, mama alitutolea shilingi laki mbili. Alitushukuru sana, akatuomba jambo hili liishie pale pale uani. Mzee akazirudisha fedha mkononi mwake. “Mama yangu, pete tumeipata sisi. Jina la huyu mtoto hatuwezi kulipata kwa mashine. Wewe ndiye unayejua lilipoangukia.”

Palikuwa na kimya kirefu. Mchungaji akaongeza kwamba mtu aliyeitwa mwizi barabarani hawezi kusafishwa chumbani. Hatukumlazimisha, hatuna mamlaka hayo, naye hakuwa wa usharika wetu. Alijifunga kanga, akamshika binti mkono, akaenda dukani. Tulifuata kwa mbali. Pale dukani palikuwa na vijana wa bodaboda na akina mama wawili wanaonunua mafuta. Akawaambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba pete ilidondoka mikononi mwake mwenyewe, na kwamba binti hakuchukua kitu. Akarudia kwa jirani wa kushoto, na kwa jirani wa kulia. Tumehubiri juu ya toba mara nyingi. Siku ile tuliiona ikitembea kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na ilikuwa ngumu kuitazama.

Tungependa kuandika kwamba wote wawili waliishi vizuri tangu siku ile. Haikuwa hivyo. Binti alipokea mshahara wake na nauli, akamwambia mama kwamba amemsamehe, na baada ya siku mbili akapanda basi kwenda kwao. Mchungaji alipomuuliza kama ana neno, alijibu, “Baba mchungaji, nimemsamehe kweli. Ila usiku nikilala nasikia begi langu linafunguliwa.” Mwaka uliofuata alitupigia simu kutusalimu sikukuu ya Pasaka. Hakuulizia habari za pete.

Tangu hapo tunausoma tofauti mfano wa Bwana wetu katika Luka sura ya 15. Mwanamke ana shilingi kumi, kama Biblia yetu ya zamani inavyozitaja. Kwa Kigiriki ni drakma, na drakma moja ilikuwa karibu ujira wa siku nzima wa kibarua. Wako wafafanuzi wanaodhani kwamba zilikuwa za pambo lake la kichwani. Moja inapotea ndani ya nyumba. Tumezoea kuhubiri bidii yake: taa, ufagio, na kutokukata tamaa. Lakini tutazame alichokiacha. Ana majirani na rafiki, mfano wenyewe unatuambia. Bila shaka waliingia na kutoka nyumbani mwake. Hata hivyo hamtaji yeyote. Haulizi nani alikuja jana. Anaiwasha taa yake na kuifagia nyumba yake. Majirani anawaita mara moja tu, nayo ni kwa furaha.

Na huyo mwanamke ni picha ya Mungu wetu. Tulipopotea, hakuanza kwa kutushtaki. Aliwasha taa, nayo taa ikang’aa gizani. Akainama hadi kwenye vumbi letu, akagusa mabati na misumari yetu yote, kwa sababu aliyemtafuta alikuwa chini yake. Shilingi ile ilipokuwa gizani haikupungua thamani hata senti moja. Pete iliyokaa siku tano chini ya mchicha ni pete ile ile.

Si kila kilichopotea hupatikana. Vijana wawili waliooana walituita mwaka jana; pete ya mke ilikuwa imezama mbele ya miamba wakati wa kuogelea. Tulikwenda siku tatu za bamvua mfululizo. Hatukuipata, na mke alilia kwa sababu alidhani ni ishara mbaya kwa ndoa. Tulimwambia tulichofundishwa: sisi Walutheri tunashika sakramenti mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na pete si mojawapo. Pete inashuhudia ahadi, haiishikilii. Kinachoishikilia ndoa ni Neno la Mungu walilosikia siku ile na uaminifu wao wa kila asubuhi. Mume alinunua pete ya fedha isiyo na gharama kubwa, na tuliwabariki tena barazani, bila sherehe, miguu ikiwa bado na mchanga.

Wapendwa washarika, hatuwaombi mnunue mashine. Tunawaomba mambo machache yanayowezekana katika kila nyumba. Kitu kikipotea, kitafuteni kwanza, na mwanzie mikononi mwenu wenyewe. Msiende kwa mpiga ramli wala kwa nabii wa kutaja majina. Kusema kwamba mwizi ni mtu wa ndani hakuhitaji roho yoyote, kwa maana kila nyumba ina watu wa ndani. Kumbukeni kwamba baada ya amri ya saba inakuja ya nane, na kwamba jina la mtumishi wako ni mali yake, pengine mali pekee aliyokuja nayo mjini. Na kama umeshalipoteza jina la mtu, nenda ukalitafute pale pale ulipoliangusha: dukani, kisimani, kwenye kikundi cha akina mama, katika jumuiya. Litasumbua kulipata. Wengine hukuta limeshazama. Nenda tu, kwa maana Bwana anayewasha taa anatembea pamoja na kila anayeinama kutafuta.

Mungu Baba aturudishie yaliyopotea kwetu, atupe mioyo ya kurudisha yaliyo ya wengine, na atuite sote siku ile katika furaha ya malaika zake. Amina.